Gari la Wazi la Dodge Brothers (1914–1928): Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni fundi magari. Nimekulia kwenye gereji ya baba yangu Tanga, na kwa miaka kadhaa sasa naishi Michigan, mwendo mfupi tu kutoka Detroit. Jirani yangu, mzee wa miaka themanini na kitu, ana Dodge Brothers ya mwaka 1921, gari la wazi la watu watano, na Jumamosi nyingi utatukuta wote wawili chini yake, yeye kashika tochi, mimi spana. Kila nikienda nyumbani na picha za gari hilo, mafundi wenzangu huniuliza maswali yaleyale. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yake.

Hili ni gari la aina gani hasa?

Ni gari la safari la wazi: viti safu mbili, hakuna paa la bati, hakuna vioo vya milangoni. Juu kuna hema la turubai linalokunjwa nyuma kama mwavuli, na mvua ikija unatoa mapazia chini ya kiti, unayafunga pembeni kwa vishikizo, kila pazia na kidirisha chake cha kuonea. Mbele kuna kioo cha kuzuia upepo, pembeni kuna madigadi makubwa na ubao wa kukanyagia wakati wa kupanda.

Leo watu huona umbo hilo wakadhani ni la starehe. Hapana, zama zile hilo ndilo lilikuwa gari la kawaida la familia ya Kimarekani. Magari yenye paa la kudumu yalikuwa ghali, na mpaka katikati ya miaka ya 1920 mkulima, daktari wa kijijini na mwenye duka walikuwa wakiendesha la wazi, jua na theluji.

Dodge hii ndiyo Dodge ya pikapu na malori?

Ndiyo. Jina ni lilelile, na kampuni ni ileile iliyopita mikono mingi. Leo iko ndani ya kundi la Stellantis. Lakini mwanzoni jina halikuwa "Dodge" peke yake. Lilikuwa "Dodge Brothers", yaani Ndugu Dodge, na hao ndugu walilishikilia neno hilo la pili kwa nguvu zote. Inasimuliwa kwamba barua iliyoandikwa kwa Dodge mmoja tu waliirudisha bila kuifungua.

Ndugu hao walikuwa nani?

John Francis Dodge alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1864, na Horace Elgin Dodge tarehe 17 Mei 1868, wote katika mji mdogo wa Niles, Michigan. Baba yao, Daniel, alikuwa na karakana ya kusubu na kukereza vyuma. Hakuwa tajiri. Mkate wake ulitegemea injini za mashua na mashine za watu zinazoharibika. Kwa hiyo vijana hawa walikua kama walivyokua wengi wetu, wakimpa baba spana kabla hawajajua kusoma vizuri, na walipotaka baiskeli waliitengeneza wenyewe kwa vyuma chakavu.

Familia ilihamia Port Huron, halafu mwaka 1886 Detroit, na ndugu wakaajiriwa kwenye karakana ya boila. Baadaye walivuka mto na kufanya kazi Windsor, upande wa Kanada, kwenye kampuni ya mashine za kupanga herufi za uchapaji. Kazi ile ilidai vipimo vya hali ya juu, kwani chuma kikizidi unywele mmoja herufi haikai. Hapo ndipo mikono yao iliponolewa. Horace akabuni beringi ya baiskeli isiyoingiza vumbi, akaipatia hataza mwaka 1896, na wakaanza kutengeneza baiskeli kwa ushirika na mtu wa tatu, Evans. Fedha za biashara hiyo ndizo walizofungulia karakana yao Detroit mwanzoni mwa karne ya 20.

John ndiye aliyekuwa msemaji, mtu wa hesabu na mikataba, na mkali. Horace alikuwa mkimya, mtu wa mashine, mpenzi wa muziki. Kila aliyewaandika anakubaliana kwamba huwezi kumtaja mmoja ukamwacha mwingine.

Ni kweli kwamba wao ndio waliotengeneza magari ya Ford ya kwanza?

Ni kweli, na hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu watu wengi wanalijua jina la Henry Ford na hawajui ni nani aliyekaza boliti.

Kwanza walianza na Oldsmobile, kampuni nyingine ya magari. Karakana yao ilipata oda ya giaboksi 3,000 za gari dogo la Olds, lile ambalo mbele yake imepinda kama sleji, kigari cha kuteleza juu ya theluji, na kazi yao ikajulikana mji mzima. Kisha, Februari 1903, wakasaini mkataba na Ford, ambaye kampuni yake ilikuwa haijaandikishwa hata rasmi. Mkataba ulisema: seti 650, kila moja dola 250, na kila seti iwe na injini, giaboksi na ekseli, vyote vimekaa kwenye fremu. Hebu fikiri hiyo ni nini. Hilo ni gari zima lisilo na bodi, viti na matairi. Ford alikuwa akipokea seti, anaweka bodi ya mbao, viti na magurudumu, halafu anauza. Seti hizo zilipelekwa kwake kwa mikokoteni ya farasi.

Ili kuifanya kazi hiyo ndugu waliiacha oda ya Oldsmobile na kununua mashine mpya kwa fedha zao, wakati Ford alikuwa ameshashindwa na kampuni nyingine kabla ya hiyo. Ulikuwa mchezo wa kuhatarisha kila kitu. Ford hakuwa na fedha za kutosha kuwalipa, kwa hiyo sehemu ya makubaliano ilikuwa hisa: hisa 50 kwa John na 50 kwa Horace, jumla dola 10,000, sawa na asilimia 10 ya Ford Motor Company. Elfu saba kati ya hizo zilitolewa kwa vifaa, na elfu tatu kwa hati ya ahadi ya kulipa.

Kwa miaka zaidi ya kumi waliendelea kumtengenezea Ford giaboksi, ekseli na vyuma vingine vingi vya kufua, kupitia magari yake ya Model N mpaka Model T (Ford T). Jina lao halikuonekana popote juu ya gari. Fundi yeyote aliyewahi kutengeneza injini mwezi mzima, kisha mwenye gereji akapiga picha na mteja, anajua hali hiyo.

Kwa nini waliachana na Ford?

Kwa sababu waliona mbele. Ford alifungua kiwanda cha Highland Park mwaka 1910 na kuanza kutengeneza mwenyewe vitu alivyokuwa akivinunua kwao. Mtu mwenye mteja mmoja tu yuko mikononi mwa mteja huyo. Ndugu nao walikuwa wameshaanza, mwaka huohuo, kujenga kiwanda kikubwa Hamtramck, mji uliozungukwa na Detroit, ambacho baadaye kiliitwa Dodge Main. Mwaka 1913 John alijiuzulu kwenye bodi ya wakurugenzi ya Ford, na wakampa Ford notisi ya mwaka mmoja. Julai 1914 kampuni ya Dodge Brothers ikaandikishwa kwa mtaji wa dola milioni 5, nyingi zikiwa faida waliyoipata kwa Ford.

Na ile kesi mahakamani?

Waliondoka kwenye kazi lakini hisa zao walibaki nazo. Mwaka 1916 Ford alitangaza kwamba hatatoa tena gawio la ziada kwa wenye hisa. Fedha zitaingia kwenye upanuzi wa viwanda na kushusha bei ya magari. Ndugu Dodge, ambao sasa walikuwa washindani wake na walikuwa wanajenga kwa kutegemea gawio hilo, wakamshtaki. Februari 1919 Mahakama ya Juu ya Michigan ikaamua kwamba Ford alipe gawio la zaidi ya dola milioni 19, pamoja na riba. Mahakama ilimwacha aendelee na upanuzi wake, ila ikasema kampuni ya biashara inaendeshwa kwanza kwa faida ya wenye hisa. Kesi hiyo inafundishwa mpaka leo kwenye vyuo vya sheria Marekani, na wanasheria bado wanaibishania.

Ford mwenyewe alikuwa na hisa zaidi ya nusu, kwa hiyo sehemu kubwa ya fedha ile ilirudi mfukoni mwake. Baada ya hapo akaamua kuwanunua wenye hisa wote. Hisa za ndugu Dodge zilienda kwa dola milioni 25. Ukijumlisha na magawio ya miaka yote, dola 10,000 za mwaka 1903 ziliwaletea zaidi ya milioni 30.

Wapo wanaosema walikuwa na tamaa. Mimi sioni hivyo. Ukisoma mkataba wa 1903 unaona ni nani aliyebeba hatari wakati hakuna aliyejua kama magari haya yatauzika.

Gari lao la kwanza lilitoka lini, na liliuzwaje?

Tarehe 14 Novemba 1914. Kuna picha maarufu sana ya siku hiyo: ndugu wawili wamekaa kiti cha nyuma cha gari jipya, mbele ya nyumba ya John, wamevaa makoti mazito na kofia. Gari hilo la kwanza lilipewa jina la utani "Old Betsy".

Bei ilikuwa dola 785. Ford T ya wazi mwaka huohuo ilikuwa dola 490, kwa hiyo hawakujaribu kushindana kwa bei. Lakini sifa yao ilikuwa imetangulia kiasi kwamba maelfu ya wafanyabiashara waliomba uwakala kabla gari halijaonekana. Mabango ya kwanza yaliandikwa maneno mawili tu, "Dodge Brothers", bila picha. Mwaka 1915, mwaka wao wa kwanza kamili, walitoa magari kama 45,000, na kufikia 1920 walikuwa wa pili kwa mauzo Marekani, nyuma ya Ford peke yake.

Lilitofautianaje na Ford T?

Nikilinganisha kama fundi: Ford T ilikuwa na nguvu za farasi 20, Dodge 35. Injini ya Dodge ni silinda nne zilizosubiwa pamoja, valvu za pembeni, ujazo wa inchi za ujazo 212, yaani karibu lita 3.5. Ford T ilikuwa na gia mbili za kwenda mbele, unazibadilisha kwa pedali. Dodge ilikuwa na gia tatu na fimbo ya gia katikati, kama tunavyoijua. Ford T ya 1914 uliiwasha kwa hendeli mbele, na hendeli ile ilivunja mikono ya watu wengi. Dodge iliwashwa kwa stata ya umeme.

Ford alifikiri gari kama kitu cha kushusha bei mpaka kila mtu amudu, na aliubadilisha ulimwengu kwa wazo hilo. Ndugu Dodge walikuwa wametengeneza vyuma vya gari hilo kwa muongo mzima. Walijua ni kipi kinarudi kimevunjika. Walipokaa kuchora la kwao waliongeza unene pale walipokuwa wameona nyufa. Ndiyo maana mzee jirani yangu, akishika ekseli ya nyuma ya gari lake, hupenda kuigonga kwa kiganja kama mtu anavyompiga ng'ombe mwenye afya.

Nasikia bodi yake ni ya chuma kitupu. Kuna ajabu gani hapo?

Kwa leo hakuna. Kwa 1914 ilikuwa ajabu. Magari mengi yalikuwa na kiunzi cha mbao ndani, bati limepigiliwa juu kwa misumari. Kwenye barabara mbovu mbao zinalegea, misumari inapiga kelele, na maji yakiingia zinaoza huku nje rangi bado inang'aa. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa.

Ndugu waliagiza bodi kutoka kwa Edward Budd wa Philadelphia, ambaye alikuwa akibonyeza bati kwa mashine na kuliunganisha kwa kuchomelea. Oda ya kwanza ilikuwa bodi 5,000. Kulikuwa na faida nyingine ambayo wengi hawaifikirii: rangi. Bodi yenye mbao huwezi kuiweka kwenye tanuri, itaungua, kwa hiyo rangi ilipakwa tabaka kwa tabaka na kusubiriwa kukauka kwa wiki kadhaa. Bodi ya chuma kitupu unaipaka enameli nyeusi, unaiingiza tanurini, inatoka imekauka na ngumu. Kwenye gari la mzee kuna sehemu chini ya kiti cha nyuma ambayo haijawahi kuguswa na mtu. Nilipoipangusa kwa kitambaa chenye oili kidogo nilijiona usoni, na rangi hiyo ilichomwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Umeme wake ukoje? Inawezekana kupata betri?

Hapa kuna zawadi ya bure. Magari mengi ya Kimarekani ya wakati ule yalitumia volti 6. Dodge Brothers walianza na volti 12 tangu 1914 na wakabaki nazo mpaka 1926. Betri ya kawaida ya gari la leo inatosha.

Stata na dinamo ni chombo kimoja, kilichotengenezwa na kampuni ya North East. Kimeungana na injini kwa mnyororo daima. Ukikanyaga kitufe cha sakafuni, chombo kile kinaizungusha injini. Injini ikishika, injini nayo inakizungusha chombo na kinaanza kuchaji betri. Hakuna jino la stata linalorukia flaiwili. Mara ya kwanza nilipokanyaga nilidhani betri imekufa, kwa sababu sikusikia ile kelele ya chuma kwa chuma tuliyoizoea. Nilisikia mvumo laini, kama cherehani inayoanza, halafu injini ikawaka. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

Ni kweli gia zake ni kinyume?

Ndiyo. Mpangilio wa gia wa Dodge Brothers ulikuwa kinyume cha ule uliozoeleka kwenye magari mengine ya Marekani, na ulibaki hivyo mpaka karibu 1926. Kabla hujaliendesha, zima injini, kaa, weka mkono kwenye fimbo na uzipite gia zote mara ishirini. Na ukumbuke hakuna sinkro, yaani kile kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia zinapobadilishwa: kupandisha gia kunataka subira, na kuishusha kunataka ukanyage klachi mara mbili, na katikati uongeze moto kidogo ili meno yakutane kwa mwendo mmoja. Madereva wa malori ya zamani nyumbani watalielewa gari hili haraka kuliko kijana aliyejifunzia gari la otomatiki.

Breki zinatosha?

Hazitoshi kwa barabara ya leo. Ziko magurudumu ya nyuma tu, na hali ilikuwa hivyo mpaka mwishoni kabisa mwa kipindi hiki. Acha nafasi mara tatu ya unayoiacha kawaida. Mlimani shuka na gia uliyopandia.

Je, lilitumika vitani?

Lilitumika, na lilijipatia jina hapo. Mwaka 1916 Jenerali Pershing wa jeshi la Marekani alikuwa kaskazini mwa Meksiko akimsaka mwanamapinduzi wa Meksiko, Pancho Villa. Tarehe 14 Mei luteni kijana, George Patton, alichukua Dodge tatu za wazi na askari wachache kutafuta mahindi ya kununua, kisha akageukia shamba la San Miguelito ambako alishuku kuna kamanda wa Villa, Julio Cárdenas. Yakatokea mapigano mafupi, na Cárdenas na wenzake wawili wakauawa. Huhesabiwa kuwa mara ya kwanza kwa jeshi la Marekani kushambulia kwa kutumia magari. Dodge nyingine zilikwenda Ulaya katika vita vya kwanza vya dunia, zikibeba maafisa na wagonjwa.

Mimi navutiwa zaidi na safari ya amani. Mwaka 1922 Roy Chapman Andrews wa jumba la makumbusho ya viumbe la New York aliingia jangwa la Gobi, Mongolia, na Dodge tatu na malori mawili, huku ngamia wakitangulia kubeba petroli na chakula. Mwaka uliofuata msafara wake ukakuta mayai ya dinosaria kwenye majabali mekundu ya jangwa hilo. Hakuna barabara pale, hakuna gereji, kuna changarawe na mchanga tu. Gari likifa pale, wamekwisha.

Ndugu hawa waliishia wapi?

Hii sehemu hunisumbua kila ninapoisimulia. Januari 1920 walikwenda New York kwenye maonyesho ya magari. Homa ya mafua makali, ile iliyoua mamilioni duniani, iliwakamata wote wawili hotelini. Horace ndiye aliyezidiwa kwanza na John akawa anamuuguza. Kisha John naye akaanguka, ikawa nimonia, na tarehe 14 Januari 1920 akafariki akiwa na miaka 55. Horace alipona mafua, lakini afya yake haikurudi. Tarehe 10 Desemba mwaka uleule akafariki Florida, miaka 52. Hawakumaliza mwaka mmoja mbali na mwenzake.

Wamezikwa pamoja makaburi ya Woodlawn, Detroit, ndani ya jengo la mtindo wa Misri ya kale lenye sfinksi mbili zinazolinda mlango. Nilikwenda siku moja ya Novemba, kwenye baridi. Hakuna sanamu ya gari, hakuna maelezo marefu. Juu ya mlango kuna jina moja tu la ukoo.

Kampuni ikawaje?

Ilibaki mikononi mwa wajane, Matilda na Anna, huku Frederick Haynes akiiendesha. Mwaka 1925 wakaiuza kwa benki ya Dillon, Read kwa dola milioni 146 taslimu. Mabenki si mafundi: mauzo yakalegea, na mwaka 1928 Walter Chrysler akaichukua, hasa kwa kuwa alikihitaji kile kiwanda cha Hamtramck na karakana zake za kufulia vyuma. Mwaka huohuo injini ya silinda nne ikafika mwisho wake, na neno "Brothers" nalo likafifia taratibu katika miaka ya 1930. Dodge Main kilifungwa mwaka 1980 na kubomolewa 1981.

Kwa nini kuna nyota ya pembe sita mbele ya gari? Walikuwa Wayahudi?

Hawakuwa Wayahudi. Alama yao ni pembetatu mbili zilizofumana, na katikati herufi D na B.

Usukani uko upande gani?

Kushoto, kwa kuwa Marekani huendesha kulia.

Mwendo wake ni kiasi gani, na linatumia petroli gani?

Ukilikaza litafika kilomita 70 au zaidi kidogo kwa saa. Starehe yake ni 50 mpaka 55. Mgandamizo wa injini ni mdogo sana, petroli ya kawaida kabisa inatosha.

Magari ya miaka hiyo ya 1921 yana kitu kinachowashangaza mafundi wa leo: hayana pampu ya petroli. Kuna kitanki kidogo karibu na injini kinachotumia mvuto wa hewa wa injini yenyewe kunyonya petroli kutoka tanki la nyuma, kisha inashuka kwa uzito wake mpaka kwenye kabureta. Ukipanda mlima mrefu ukiwa umekanyaga moto mpaka mwisho, mvuto unapungua na kitanki kinakauka. Dawa yake ni kuinua mguu kidogo kila baada ya muda, kinajaa, unaendelea. Mzee anafanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyopumua.

Spea zinapatikana?

Kuliko unavyodhani. Yalitengenezwa mengi, na ipo Dodge Brothers Club Marekani, chama cha wenye magari haya, ambako watu huuziana na kupeana michoro. Gasketi, mipira, nyaya na turubai hutengenezwa upya. Giaboksi na ekseli za zamani bado zinapatikana nzima, maana chuma chake hakichakai kirahisi.

Ila pima kila kitu mwenyewe. Tuliwahi kuagiza sahani za klachi kwenye duka moja, zikaja na karatasi inayosema ni za gari letu. Zilizidi kipenyo kwa tofauti ya unene wa sarafu. Tukazirudisha, wakatuletea zilezile. Mwishowe tulitoa za zamani na kuzipeleka kwa fundi wa kubandika laini za breki, akazibandika upya kwa siku mbili, na klachi ikawa laini kama siagi.

Nikitaka kulinunua, niangalie nini kwanza?

Magurudumu. Spoki zake ni za mti wa hickory, na ukipita vipindi vingi vya joto kavu unasinyaa. Inua gurudumu na jeki, shika juu na chini, tikisa, kisha gonga spoki moja moja kwa mpini wa nyundo. Iliyokaza inalia wazi. Iliyolegea inatoa sauti ya kufa, na ukiiona hivyo usiliendeshe hata mita moja mpaka fundi seremala aikaze upya. Kuna wanaoloweka magurudumu kwenye maji ili mbao zivimbe. Zitavimba leo, baada ya mwezi zitalegea zaidi na kuoza. Usikubali.

Halafu tazama maji ya radieta kama yana utando wa oili, angalia nyufa kwenye bloku hasa kama gari limekaa nchi ya barafu, na linganisha namba ya injini na ya chasisi kwenye orodha za chama ili ujue mwaka halisi. Wauzaji wengi hutaja mwaka waliousikia kwa babu zao. Kuhusu bodi usihofu sana: kutu ya bati utaiona kwa macho, haina pa kujificha kama mbao.

Naweza kuona wapi historia hii nikifika Michigan?

Nenda Meadow Brook Hall, Rochester, kaskazini ya Detroit. Ni nyumba ya vyumba 110 aliyoijenga Matilda, mjane wa John, kati ya 1926 na 1929, na ardhi yake ndiyo iliyozaa chuo kikuu cha Oakland. Ukitoka hapo, ukiwa ni Jumamosi na hakuna mvua, nitafute. Mzee atakupa kiti cha nyuma, upande wa kulia, na kabla hajakanyaga kitufe atakuomba unyamaze ili usikie ule mnyororo.